Mzunguko wa Malham: mwongozo kamili wa kutembea siku moja kwenye vilima vya chokaa vya Yorkshire

Malham ni kijiji kidogo cha nyumba za mawe kaskazini mwa Uingereza, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yorkshire Dales iliyoanzishwa mwaka 1954. Ukiondoka hapo asubuhi kwa miguu, unazunguka na kurudi ulikoanzia kabla ya jioni. Njiani utapita maporomoko, korongo la Gordale Scar, ziwa lililo juu ya vilima, bonde lisilo na mto na Malham Cove, jabali la chokaa lenye kimo cha mita 80 hivi. Yote hayo yako ndani ya kilomita 11 hadi 12, na jumla ya kupanda ni kama mita 300. Mtu mwenye afya ya kawaida anaimudu safari hii. Wanaoishi Leeds, Bradford au Manchester wanaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Kabla ya viatu na ramani, elewa maji. Chokaa ni jiwe linaloyeyuka. Mvua hubeba hewa ya kaboni na kuwa tindikali hafifu, huingia kwenye nyufa, na karne kwa karne huzipanua mpaka mto mzima unazama ardhini. Aliyewahi kuingia mapango ya Amboni kule Tanga ameshaona kazi hiyohiyo ya maji. Ndiyo maana huku juu utatembea muda mrefu bila kuona kijito, kisha ukute maji yakichomoka kwa nguvu chini ya jabali. Maji hayohayo ndiyo yatakayokuambia kama utapanda Gordale au utageuka, na wapi jiwe litakuwa na utelezi. Kwa hiyo angalia mvua ya siku mbili zilizotangulia kwa makini uleule unaoangalia utabiri wa siku yenyewe.

Msimu na saa za kuanza

Mei na Juni ni miezi bora. Mchana ni mrefu, vitunguu saumu mwitu vimechanua msituni, na mawe mara nyingi ni makavu. Septemba pia ni nzuri na watu wamepungua. Wikendi za Julai na Agosti kijiji hujaa, na foleni hutokea kwenye vidato vya Malham Cove. Ukilazimika kwenda wakati huo, anza saa mbili asubuhi.

Majira ya baridi yanahitaji hesabu nyingine kabisa. Mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na barafu nyembamba juu ya chokaa haionekani kwa macho. Ukienda wakati huo, anza saa tatu asubuhi, ondoa kipande cha Gordale kwenye mpango, na uwe umeanza kushuka vidato vya Cove ifikapo saa nane mchana.

Kwa wanaosali: majira ya baridi adhuhuri na alasiri zote huangukia katikati ya mwendo, kwa hiyo panga vituo mapema. Kibla kutoka huku ni kusini-mashariki. Kando ya ziwa kuna nyasi tambarare zinazofaa, ila upepo ni mkali, basi tafuta ukuta wa mawe ukukinge.

Umpe kila mtu saa sita kwa safari nzima: kama saa nne za kutembea, na zilizobaki za kula, kupumzika na kutazama. Watoto wa miaka minane na kuendelea huimudu njia fupi nitakayoieleza mbele. Kwa njia ndefu, kila mtoto awe na mtu mzima wake pale Gordale.

Vitu vya kubeba

Buti ndizo muhimu kuliko kitu chochote. Ziwe na soli ya mpira laini yenye meno, zishike kifundo cha mguu, na ziwe zimeshavaliwa vya kutosha. Raba za mjini zenye soli bapa ndizo zinazowaangusha watu hapa, kwa sababu chokaa iliyokanyagwa na maelfu ya miguu hulainika ikawa kama kigae cha bafuni, na ikilowa haina huruma.

Beba koti la mvua na suruali ya mvua hata kama mbingu ni za buluu. Ndani vaa fulana inayokauka haraka na sweta la manyoya sintetiki. Pamba ikilowa hubaki baridi mwilini siku nzima. Ongeza kofia, glavu nyembamba, tochi ya kichwani, filimbi, bendeji pana ya kifundo, plasta za malengelenge na pawabenki.

Maji: lita moja na nusu kwa mtu, mbili kukiwa na joto. Usinywe ya vijito hata yakionekana meupe namna gani. Malisho yote haya ni ya kondoo na ng'ombe, na chokaa haichuji. Uchafu unaoingia kwenye ufa unatokea upande wa pili na maji yake. Chakula kiwe cha kushika mkononi: chapati zilizokunjwa na mayai, maandazi, tende, karanga. Huko juu hakuna duka. Migahawa iko kijijini tu.

Ramani ni Ordnance Survey Explorer OL2, kipimo cha 1:25,000, na dira ya kawaida. Simu yenye ramani iliyopakuliwa inasaidia, lakini mtandao hupotea mabondeni, na baridi hula betri. Namba za ramani nilizoweka kwenye kila hatua hapa chini, kama SD 900 627, zinaonyesha mraba wa mita 100: tarakimu tatu za kwanza zinasomwa kwenda mashariki, tatu za mwisho kwenda kaskazini.

Kufika

Treni ya Leeds hadi Skipton huchukua kama dakika 45. Kutoka Skipton hadi Malham ni kilomita 18 hivi kwa basi au teksi. Mabasi ni machache na ratiba hubadilika kati ya siku za kazi, wikendi na msimu, basi andika saa ya basi la mwisho la kurudi kabla hujatoka nyumbani. Kwa gari, tumia maegesho ya kulipia ya kituo cha hifadhi mwanzoni mwa kijiji (SD 900 627), na usiegeshe kando ya barabara nyembamba. Matrekta yanapita hapo, na gari la zimamoto pia linahitaji kupita.

Kwa nini tuzunguke kinyume cha saa

Njia hii inaenda kinyume cha mshale wa saa: mashariki kwanza, kisha kaskazini, halafu magharibi na kurudi kusini. Sababu ni Gordale. Pale pana mwamba wa kukwea kwa mikono na miguu kando ya maporomoko, na kuukwea ni rahisi kuliko kuushuka. Anayepanda anaona pa kushika na pa kukanyaga. Anayeshuka anapapasa kwa mguu. Ukienda kinyume chake utafika juu ya maporomoko umechoka, saa za jioni, na njia pekee ya kwenda mbele ni ile ngumu.

Hatua ya kwanza: kijijini hadi Janet's Foss (kilomita 2, dakika 40)

Toka maegeshoni, shika barabara kuelekea kijijini, vuka Malham Beck kwa daraja dogo la miguu, kisha geuka kulia ufuate kijito kinakoshukia. Njia imechongwa vizuri. Baada ya kama mita 600 inageuka kushoto, inapita mashamba yaliyotengwa kwa kuta za mawe yasiyofungwa kwa saruji, na kuingia kwenye msitu mwembamba.

Mageti yafunge kama ulivyoyakuta. Usipande ukuta popote pale. Kuta hizi husimama kwa uzito wa mawe yenyewe, jiwe moja likitoka mita nzima huporomoka, na mkulima hupoteza siku kuijenga upya. Aprili na Mei kondoo wana watoto wachanga. Mbwa afungwe kamba. Ukikuta ng'ombe wenye ndama, wazunguke kwa mbali, na kama una mbwa wakakukimbilia, muachie mbwa kamba, atajiokoa mwenyewe.

Msituni harufu ya vitunguu saumu itakupokea kabla hujaona maua. Mwisho wake ni Janet's Foss (SD 911 633), maporomoko mafupi yanayotua kwenye kidimbwi cha kijani. Zamani wafugaji walikuwa wakioshea kondoo hapo kabla ya kuwakata manyoya. Tazama ukuta ambao maji yanateleza juu yake: haukuchongwa, umejengeka. Maji yaliyobeba chokaa iliyoyeyuka huiacha tena yanaporuka hewani, tabaka juu ya tabaka, ikashikana na ukoga. Jiwe hilo ni changa na dhaifu. Usilipande.

Hatua ya pili: Gordale Scar (kama kilomita 1)

Panda kushoto kutoka kwenye maporomoko hadi barabara ya lami, geuka kulia, vuka Gordale Bridge, na mbele kidogo ingia geti la kushoto. Njia inapita uwanja wa kupigia mahema na kukupeleka ndani ya bonde linalozidi kubanwa. Kuta za pande zote mbili hupanda zaidi ya mita 100, na juu zinakaribiana. Mchoraji James Ward alilichora korongo hili kwenye turubai kubwa ajabu, na picha hiyo imo kwenye makumbusho ya Tate, London.

Hapa (SD 915 641) ndipo unapofanya uamuzi mkubwa wa siku. Simama mbali kidogo na maporomoko ya chini, uyasome. Mwamba wa kukwea uko kushoto mwa maji, mita chache tu kwa kimo. Jiulize mambo matatu.

Je, maji yanapita upande mmoja tu na mwamba wa kushoto umebaki wazi? Kama maji yanamwagika juu ya mwamba wenyewe, geuka. Je, rangi ya maji ni ya kahawia na mngurumo umekuzidi sauti ya kuongea? Mvua ya juu bado inashuka na kiwango kinaweza kupanda ukiwa katikati, geuka. Je, kuna barafu au mtu yeyote kwenye kundi anayetetemeka, kwa baridi au kwa woga? Geuka pia, bila mjadala.

Kama majibu yote ni mazuri, funga mikanda ya begi isining'inie, weka fimbo ndani, na mpande mmojammoja. Aliye chini asisimame chini ya anayepanda. Weka viungo vitatu kwenye mwamba wakati wote, yaani miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja. Jiwe kwa jumla ni lenye kukwaruza na linashika soli vizuri, lakini vile vishikio vinavyoonekana wazi, ambavyo kila mtu ameshavitumia, vimesuguliwa vikang'aa. Mara nyingi cha pembeni yake ni bora. Kosa la kawaida ni kuulalia mwamba kwa tumbo kwa sababu ya woga: ukifanya hivyo huoni miguu yako, na soli zinateleza. Simama wima juu ya miguu, mikono iwe ya kusawazisha tu.

Juu ya mwamba huo njia inakata kushoto na kupanda vidato kwenye mawe yaliyolegea. Kanyaga taratibu, kwani mna watu chini. Kulia utaona maporomoko ya juu yakitoka kwenye tundu la mwamba.

Ukigeuka, siku haijaharibika

Rudi barabarani hadi Gordale Bridge. Upande wa kijiji wa daraja, kulia, kuna njia ya miguu inayopanda mashambani kuelekea kaskazini-magharibi, inavuka barabara ya Malham Rakes na kukufikisha juu ya Malham Cove. Unaweza kushuka kijijini kutoka hapo, na mzunguko mzima ukawa wa kilomita 8 hivi. Hii ndiyo njia ya familia zenye watoto, na kwa haki ni nzuri yenyewe. Mwenye nguvu na muda anaweza kupanda kutoka juu ya Cove kwa njia ya Trougate hadi Water Sinks, pale kijito kinapozama ardhini, kisha akashuka kwa Watlowes, lile bonde lisilo na mto, asikose chochote isipokuwa ule mwamba.

Hatua ya tatu: nyanda za juu hadi ziwani (kama kilomita 4)

Baada ya Gordale ardhi inafunguka ghafla. Njia ya nyasi inaelekea kaskazini, ikipenya kwenye mabamba ya chokaa, kisha inajipinda kaskazini-magharibi hadi barabara karibu na Street Gate (SD 905 656). Mashariki ya hapo ndipo inapoanzia Mastiles Lane, njia ya zamani ambayo watawa wa Fountains Abbey waliitumia kwenda kwenye malisho yao.

Kipande hiki ni chepesi kwa miguu na kigumu kwa kuona njia. Ukungu ukishuka, njia za kondoo zinafanana na njia ya watu. Pima mwelekeo kwa dira kabla ukungu haujafika na uufuate mpaka lami. Ukiikosa Street Gate kwa mita mia mbili si neno: barabara inakatiza mbele yako, utaigonga tu. Geuka kushoto na uifuate kama kilomita moja hadi maegesho madogo upande wa kusini wa ziwa.

Malham Tarn liko mita 377 juu ya usawa wa bahari. Swali la haki ni hili: ziwa linakaaje juu ya jiwe linalovuja? Jibu ni kwamba halikai juu ya chokaa. Chini yake kuna mwamba wa kale usiopitisha maji, na barafu ya zama zilizopita iliacha udongo uliozuia maji yasitoroke. Mpaka kati ya miamba hiyo miwili uko kusini tu ya ziwa, na sasa unakwenda kuuona.

Hatua ya nne: Water Sinks na bonde la Watlowes (kama kilomita 2)

Vuka barabara na ufuate kijito kinachotoka ziwani, mita mia chache kuelekea kusini, hadi SD 894 655. Kijito kinakimbia, kinapungua, kinanyauka kati ya mawe, kisha hakipo. Hakuna shimo kubwa wala kishindo. Maji yanachujika tu kwenye kokoto mbele ya miguu yako. Siku za mvua hufika mbali zaidi kidogo kabla ya kuzama. Wengi hudhani maji hayo ndiyo yanayotokea chini ya Malham Cove, kwa kuwa bonde linaelekea huko. Hasa hayatokei hapo: hutokea Aire Head, chemchemi zilizo kusini mwa kijiji, na yale ya Cove yanatokana na mzamo mwingine upande wa magharibi.

Endelea kusini kwa alama za Pennine Way, njia ndefu ya taifa iliyofunguliwa mwaka 1965. Bonde linazidi kuzama kati ya kuta za mawe, lina umbo kamili la mto, bila mto. Mahali fulani njia inajipinda ghafla na kushuka kwa vidato vya mawe vyenye mwinuko mkali. Shuka kiupandeupande, mguu ukae wote juu ya kidato. Huku chini jua halifiki vizuri, hivyo unyevu hubaki siku nzima hata juu kukiwa kukavu.

Hatua ya tano: juu ya Malham Cove

Bonde linaishia kwenye sakafu ya chokaa (SD 897 641): mabamba mapana yaliyotenganishwa na nyufa, mengine kina chake kinazidi kimo cha mtoto. Barafu ililifagia eneo hili likabaki jiwe tupu, na mvua ikapanua nyufa. Chungulia ndani ya moja: kumejaa mimea ya kivulini, majani marefu ya jamii ya kangaga na maua madogo ya waridi, iliyojificha humo mbali na meno ya kondoo na upepo. Sakafu hizi zinalindwa kisheria, na kung'oa hata kipande ni kosa.

Hapa ndipo vifundo vinapovunjika, na sababu ni moja: watu hutembea huku wakitazama mandhari au simu. Ukitaka kutazama, simama. Ukitembea, tazama miguu. Kanyaga katikati ya bamba, si ukingoni; jaribu bamba kwa mguu mmoja kabla ya kulipa uzito wote, maana mengine hucheza; usiruke ufa ambao huwezi kuupita kwa hatua ya kawaida. Mvua ikinyesha, sogea nyuma upite kwenye nyasi kadiri inavyowezekana. Fimbo hapa ni hatari kuliko faida: ncha ikizama kwenye ufa, inakuvuta.

Ukingo wa jabali hauna uzio. Ukae mita tano nyuma yake, watoto wakishikwa mkono. Kutoka chini huwezi kuonekana, kwa hiyo usirushe hata kokoto: chini kuna watembeaji na wapanda miamba. Masika na mwanzo wa kiangazi kozi hutaga kwenye jabali hili, na mara nyingi utasikia kelele zao kabla ya kuwaona.

Elekea magharibi, yaani kulia kwako ukitokea bondeni, upite geti na kushuka vidato vipatavyo 400. Magoti yatalalamika, punguza mwendo, waachie wanaopanda nafasi. Chini, nenda hadi mguu wa jabali uone Malham Beck kikitoka polepole kwenye mwamba. Tarehe 6 Desemba 2015, baada ya dhoruba Desmond, mashimo ya ardhini yalijaa na maji yakamwagika kutoka juu ya jabali kama maporomoko. Hakuna aliyekuwa hai aliyewahi kuona hivyo. Kijiji kiko kilomita moja na ushee kutoka hapo, kwa njia pana kando ya kijito.

Likitokea la kutokea

Kifundo kikiteguka, usivue buti. Ifunge bendeji juu yake, kwani mguu ukivimba hairudi. Mvike majeruhi nguo zote mlizonazo na mkalishe juu ya begi, kwa kuwa jiwe hunyonya joto la mwili haraka. Piga 999 au 112, omba polisi, kisha kikosi cha uokoaji milimani, na utaje namba ya ramani. Mtandao ukiwa hafifu ujumbe unaweza kupita pale simu isipopita, lakini ni lazima uwe umejisajili kabla: ukiwa bado nyumbani tuma neno register kwenda 999 na ufuate maelekezo. Bila simu, piga filimbi mara sita ndani ya dakika moja, tulia dakika moja, rudia. Usiache kupiga hata ukisikia jibu, ili wakufikie kwa sauti.

Ukirudi nyumbani, osha buti kwa maji bila sabuni na uzikaushe mbali na hita, vinginevyo gundi ya soli hulegea. Jikague nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani kama kuna kupe, hasa kati ya Aprili na Oktoba. Ukimkuta, mbane kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumpindua, na ukiona duara jekundu linapanuka wiki zinazofuata, nenda kwa daktari umweleze ulikotembea.